Mama Kioo na Jalada la Chanjo

Mama Kioo alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na kila aliyewahi kushonewa sare ya shule kwa mkono wake alikuwa ameisikia, tena bila kuiomba. Ni hadithi ya siku binti yake alipochanjwa akiwa mchanga, jioni yake akapata degedege, akafa, akafufuka. Hilo la kufufuka alilitamka huku amebana pini mdomoni, na mteja anayepimwa mabega hakuwa na pa kukimbilia.

Hadithi yenyewe ilizidi kunenepa kadiri miaka ilivyokwenda. Mwanzoni degedege lilikuwa la "muda kidogo." Baadaye likawa la nusu saa. Kufikia mwaka ambao binti aliolewa, lilikuwa linaanza adhuhuri na kwisha jua likizama, na daktari bingwa mmoja alikuwa ameshaingia humo, haijulikani alitokea wapi. Watu walijua anatia chumvi, lakini nani angethubutu kumwambia, na mkasi anao mkononi?

Binti huyo alikuwa na jina zuri tu alilopewa na marehemu baba yake, ila mtaani walimwita Kioo, kwa vile mama yake alimchukulia kama kitu cha kuvunjika. Hakuruka kamba. Hakuogelea. Sare zake zilitiwa viraka magotini kabla hazijachanika, na mvua ikinyesha alibaki darasani mpaka mama aje na mwavuli, hata alipokuwa msichana mkubwa anayetamani ardhi ipasuke immeze. Akakua hivyo hivyo, akawa msusi hodari, akaolewa na fundi pikipiki mpole asiyependa ugomvi, akazaa mtoto wa kiume. Bibi alimpokea mjukuu kwa mikono miwili, akamwita "mume wangu," na akatangaza kwamba mume wake hatachomwa sindano na mtu yeyote.

"Mama, kadi inasema alitakiwa aende wiki iliyopita," Kioo alisema.

"Kadi ni yao. Mtoto ni wetu."

"Kifaduro kimeingia mtaa wa nyuma. Yule mtoto wa muuza mkaa amelazwa, anakohoa mpaka anageuka rangi."

"Nami nilikuona wewe ukigeuka rangi mikononi mwangu. Usinifundishe kuogopa, mwanangu, nilianza kabla yako."

Mkwe alipoulizwa anasemaje, alikumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri na mnyororo wa pikipiki, akatoka hata chai hajamaliza.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa, mama amenuna huku, binti amenuna kule, na mtoto katikati hana habari, ananyonya na kulala. Hoja mpya ililetwa na redio. Msemaji wa wizara alieleza kwamba majalada yote ya taarifa za madhara ya chanjo, ya zamani na ya sasa, yamefunguliwa, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kwenda kuyasoma. Majina ya watu yamefunikwa kwa vipande vya karatasi. Lakini mwenye taarifa yake, akienda na kadi yake ya kliniki, ataonyeshwa ukurasa wake.

Kioo aliweka chanuo chini. "Mama, kadi yangu unayo?"

"Ninayo. Kwani kuna kitu chako nimewahi kutupa?"

"Basi twende tukasome. Ukishasoma ukaniambia bado hutaki, simpeleki. Naapa mbele ya mtoto wangu."

Mama Kioo alikata uzi kwa meno. Moyoni alicheka, maana aliona ameshashinda. Alilijua jalada hilo kabla hajaliona. Lingekuwa nene, limefungwa kamba, na ndani mna maelezo ya madaktari na mihuri mpaka basi. Siku ya kwenda alivaa gauni lake la kuendea harusini, akambeba mjukuu mwenyewe.

Chumba cha kusomea majalada kilikuwa ghorofani katika ofisi za wizara, nyuma ya mlango uliokwaruza sakafu. Meza ndefu, viti visivyolingana, feni iliyozunguka kwa kulalamika. Karani wa kumbukumbu, mwanamume wa makamo mwenye miwani moja machoni na nyingine imesahauliwa juu ya kichwa, alizungumza kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na msomaji mwingine.

"Karibuni, mama. Mtoto akilia si kitu, mafaili hayana masikio."

Alichukua kadi ya kliniki iliyochakaa, akaingia nyuma ya makabati, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na jalada la mwaka ule, nene kweli kweli, na Mama Kioo akamtazama binti yake kwa jicho la "si nilikwambia." Kisha karani akafungua katikati ya jalada, akaondoa kipande cha karatasi kilichokuwa kimefunika jina, akawaonyesha.

Ukurasa mmoja. Tena haukujaa.

Kioo alisoma kwa sauti ya chini. "'Mtoto wa kike. Alichanjwa asubuhi. Jioni alipata homa kali, ikafuatiwa na degedege la dakika chache, kwa maelezo ya mama. Alifikishwa zahanati degedege likiwa limekwisha. Alipozwa kwa maji, akapewa dawa ya homa, akawekwa chini ya uangalizi. Alinyonya vizuri. Amepona. Mama alikuwa na hofu. Alitulizwa.'"

Akageuza ukurasa. Nyuma mlikuwa na mambo ya mtoto mwingine.

"Endelea," Mama Kioo alisema.

"Imekwisha, mama."

"Imekwisha vipi? Dakika chache? Nani alishika saa? Mimi nilikuwa na saa?" Sauti ilipanda, mtoto akashtuka mgongoni. "Na huyu aliyetulizwa ni nani? Mimi sijatulizwa na mtu! Sijatulizwa mpaka leo!"

Karani alivua miwani ya machoni. Pengine alishaona wengi wakija na ghadhabu, wakidai wamefichwa jambo. Huyu hakudai amefichwa. Huyu alidai amepunjwa, na hasira ya namna hiyo inahitaji kiti na maji. Alimletea vyote viwili.

"Mama yangu," alisema, "huu ukurasa hatuwezi kuubadilisha. Lakini sheria hii mpya inamruhusu mwenyewe, au mzazi wake, kuongeza maelezo. Unaandika ulivyoona wewe, unatia sahihi, tunayaambatisha hapo hapo. Atakayesoma taarifa atasoma na ya kwako."

"Nitaongeza," alisema Mama Kioo. "Nipe karatasi. Nipe tatu."

Hakuweza kuandika huku amembeba mtoto, na mtoto hampi mtu, basi Kioo akashika kalamu. Mama akakohoa kidogo, akaanza kama alivyozoea kuanza akiwa na pini mdomoni. "Andika. Siku hiyo, tangu adhuhuri..."

Kalamu haikusogea.

"Mama," Kioo alisema taratibu, "hapa ni serikalini. Watu watasoma wakiwa na watoto wao mapajani. Kilichotokea ni nini?"

Tusimcheke huyu mama. Mtu anayejitetea kwa chumvi kwa miaka mingi, siku akiambiwa aipunguze, hubaki hana pa kushika. Mtoto alimvuta hereni, na yeye hakuhisi.

"Baba yako alikuwa kazini," alisema hatimaye. Sauti haikuwa ile ya hadithi. "Nilikuwa naanua nguo. Nikakusikia umekaa kimya, kimya kibaya, nikaingia ndani. Macho yamegeuka juu. Mwili unakukamata na kukuachia. Nikakubeba nikakimbia, hata viatu sina. Zahanati si mbali, ni pale pale tu, mtaa mmoja. Lakini njiani ulilegea. Ukalegea wote, mwanangu, kichwa kikaanguka begani kwangu. Nikajua umekufa."

Kioo aliandika.

"Sasa hili usiandike kwanza, nisikilize. Nilikuwa bado nakimbia, lakini akili imeshatangulia. Nilishachagua shuka. Lile jeupe la maua, nilishalichagua nitakalokuzika nalo. Nikawa nafikiri nani nimtume akamwite baba yako, na nimwambieje. Mtoto yu hai kifuani kwangu, anapumua, na mimi mama yake nimeshamzika. Ulipofungua macho pale mezani zahanati ukanitazama, niliona aibu. Niliona aibu ya kukuangalia." Alifuta uso kwa kiganja. "Tangu hapo kila ukikimbia, naliona lile shuka. Sijawahi kumwambia mtu. Wote niliwaambia umefufuka, ni rahisi kusema hivyo."

Karani wa kumbukumbu aligundua kwamba kuna kabati kule mwisho linahitaji kufunguliwa, akaenda kulifungua, akakaa nalo muda mrefu.

"Niandike?" Kioo aliuliza. Machozi yalikuwa yakimdondokea mezani bila yeye kuyajali.

"Andika. Mama mwingine naye atakuwa amechagua shuka lake. Ajue si peke yake."

Walipomaliza, Mama Kioo alitia sahihi, herufi kubwa zilizolala kama mshono wa mkono. Angeweza kuondoka. Badala yake alivuta lile jalada, akaanza kufunua kurasa za watu. Mikono iliyovimba. Homa. Kijana aliyeanguka kwa kuiona sindano kabla haijamgusa, na hapo alicheka. Karibu zote ziliishia kwa neno lile lile, amepona. Kisha akafika kwenye taarifa moja isiyokuwa ya ukurasa mmoja. Ilikuwa ya mtoto aliyelazwa wiki nyingi, na madaktari walibishana mle ndani kwa maandishi, huyu akisema ni chanjo, yule akisema ni maradhi mengine, na mwisho wakakiri hawakupata uhakika. Mtoto alitoka hospitali akiwa na mguu dhaifu. Mama Kioo aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari.

"Wameandika mpaka haya," alisema.

"Wameandika, mama," karani alijibu kutoka kwenye kabati lake.

"Mpaka pale waliposhindwa kujua."

"Mpaka hapo."

Alilifunga jalada, akakaa ameliwekea mkono juu. Miaka yote alidhani wanajua na wanaficha, au hawajui na hawajali. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alikaa na mtoto wa mwenzake namna hii, akaandika, akafuta, akauliza tena. Hasira yake haikuisha, ila ilikosa mtu wa kumwendea.

"Kesho asubuhi," alimwambia binti yake. "Kabla jua halijawa kali."

Kesho yake waliwahi zahanati, bibi, mama na mtoto. Benchi lilikuwa limejaa wanawake na vilio, na nesi, binti mwenye mashavu ya kitoto, aliita kadi moja baada ya nyingine. Mama Kioo alikuwa amejipa moyo njia nzima, kwa hiyo hakuona mapema kwamba mwenzake ameishiwa. Kadi yao ilipoitwa, Kioo hakusimama. Alimkumbatia mtoto kifuani, midomo imemkauka.

"Mama, turudi nyumbani."

"Unasemaje?"

"Nimeota lile shuka. Tangu jana sioni kitu kingine." Alisema kwa kunong'ona ili wenzao wasisikie. "Ulikuwa na haki, mama. Tuondoke tu. Tafadhali."

Ndiyo hayo sasa. Alilokuwa analitaka kwa siku zote zile limekuja lenyewe, linamsihi. Ilikuwa aseme neno moja tu, wainuke, mume wake arudi nyumbani paja lake zima. Na hofu aliijua ilivyokaa katika mwili wa binti yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipanda hapo, tangu binti huyo hajajua hata kutambaa. Moyo ulimwenda mbio vile vile kama siku ile.

"Dada, ni ninyi mlioitwa?" nesi aliuliza.

Mama Kioo alijisogeza, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili, mbele ya benchi zima, kama anavyoshikwa mtoto anayepanguswa pua. "Nitazame. Siku ile nilikosea. Nilidhani umekufa, na hukufa. Nimekaa na wewe miaka yote hii kama mtu anayekaa na maiti, na wewe unacheka, unasuka watu, unazaa. Nisamehe. Ulipona, mwanangu. Ulipona siku ile ile."

Hakuwa amewahi kulitamka hivyo, pasipo kifo mbele yake. Kioo alilegeza mikono, akampa mtoto.

Mama Kioo alikaa kwenye kiti cha nesi, akampakata mjukuu, akamfunua paja, akalishika.

"Bibi, unatetemeka," nesi alisema.

"Natetemeka, ndiyo. Wewe choma tu, mwanangu, mimi nimemshika."

Sindano iliingia na kutoka. Mtoto alivuta pumzi, akanyamaza kidogo, kisha akaangua kilio kilichosikika mpaka nje, na bibi yake akamweka begani, akilia naye na kumpigapiga mgongo. Kioo alichuchumaa mbele yao, akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mama, na mama akamshika nywele kwa mkono uliobaki. Wakakaa hivyo, mpaka nesi akawaomba wasogee, mwingine aketi.