Bega Tupu

Luteni aliniletea kitambaa cheusi na chekundu cha kutosha, ila cha njano kilikuwa kiduchu. Alitaka alama mia tatu za nusu jua la Biafra, za kushonwa begani, na alizitaka kabla ya Jumamosi. Magwanda ya vijana wetu na ya jeshi la serikali ya Nigeria yalikuwa yaleyale, maana juzijuzi tu walikuwa jeshi moja. Bila lile jua humjui wa kwenu.

Njano iliniishia nikiwa nimeshona mia na themanini. Soko lilikuwa limefungwa tangu vita vianze. Sandukuni nilikuwa na kitenge changu cha harusi, njano tupu, nilichokivaa siku moja tu. Nilifungua sanduku, nikakitazama, nikalifunga. Redio ilituimbia kila siku kwamba vita vitaisha kabla ya sikukuu ya viazi vikuu, nami nilitaka kukivaa sikukuu hiyo. Nikamwambia luteni kitambaa kimekwisha. Akasema hakuna neno, watakaokosa wakae nyuma.

Alama ya kwanza nilikuwa nimemshonea mume wangu, Ozoemena, kwa uzi maradufu. Jirani yetu Mama Ejike alimleta mwanawe wa pekee, askari naye, apewe alama, zikiwa zimeshagawiwa zote. Akanitania kwamba jua lote nimemmalizia mume wangu. Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Jumapili wakapigana darajani. Redio ilisema tumewafurusha, na watu wakatoka kucheza barabarani. Mimi pia nilicheza, mpaka lori lilipofika na kuanza kushusha maiti.

Ozoemena alirudi kwa miguu, mzima. Alikataa chakula, akakaa kitandani na buti zake. Alinieleza kwamba adui alivuka mto, na wale waliowekwa nyuma wakakimbilia kwa wenzao kupitia shamba la mihogo. Amri ilikuwa asiye na jua apigwe risasi.

"Niliona bega tupu, Uzoamaka," alisema. "Bega tu. Uso niliuona baadaye."

Jina hakulitaja. Ng'ambo ya ukuta Mama Ejike alikuwa analia, na mume wangu akaziba masikio kwa viganja. Hapo nikajua.

Asubuhi yule mama alikuja na shati la mwanawe. Alisema hataki azikwe kama mtu asiye na kwao, nimshonee nusu jua. Ningeweza kumwambia sina njano. Uongo huo nilikuwa nimeshamwambia luteni. Lakini mikono yangu ilikwenda sandukuni, nikakitoa kitenge na mkasi. Siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyenifunga kitenge kile kiunoni, akaniita mke wetu, mke wa mtaa mzima.

Alikishika, akakipapasa pindo polepole.

"Mke wetu, hiki wiki iliyopita kilikuwa wapi?"

"Sandukuni, mama."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alinitazama mpaka nikainamisha macho kwenye cherehani, na nyuma ya pazia nilimsikia Ozoemena akikohoa, ameshindwa kutoka hata kumpa pole.

"Basi shona kubwa," alisema Mama Ejike. "Safari hii wamwone."