Vidudu Katika Tangi la Kiilu

Tangu aanguke kazini kwenye kiwanda kimoja cha Thika na miguu kufa ganzi, Kiilu hakuwa ameshuka kutoka ghorofa ya nne. Jengo lao la Gatongora halina lifti. Mkewe, Mbithe, hutoka alfajiri kwenda kushona nguo kiwandani. Kiilu hubaki na kiti chake cha magurudumu na tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, aliloanza kulitunza kabla ya ajali.

Asubuhi moja aliona tumbawe lake la zambarau lina mabaka meupe. Akamulika kwa tochi ya simu. Chini ya ukingo, vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vilikuwa vinalila. Alijua vilikotoka. Rafiki yake Chege alikuwa amemletea kipande cha tumbawe kutoka Gitothua, naye kwa furaha akakitumbukiza hivyo hivyo, bila kukiosha kwa dawa wala kukitenga kwanza.

Alijaribu kulitoa. Alijiinua kwa viwiko mpaka jasho likamtoka, lakini vidole viliishia juu ya maji tu. Basi akashinda pale, akivitazama vikila.

Jioni Mbithe hakuwahi hata kuvua viatu.

"Mama Wavinya, nisaidie," Kiilu alimwambia mkewe. "Lazima matumbawe yote yatoke."

Mbithe aliyatoa moja moja. Kiilu akayachovya kwenye beseni lenye dawa ya aidini, akayatikisa, vidudu vikaanguka. Kisha akashika mswaki, akasugua chini ya kila tumbawe na kuliweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi.

"Mayai hayafi kwa dawa," alisema. "Itabidi turudie kila wiki, mpaka vinavyoanguliwa viishe."

"Kila wiki?" Mbithe akajitupa kwenye stuli. "Ile nyumba ya chini kule Gitothua uliikataa eti tangi halihamishiki. Haya, sasa yote yako kwenye ndoo. Tuhame."

Kiilu aliendelea kusugua mahali palipokwisha kutakata.

"Baba Wavinya, ni tangi kweli?"

"Ni ngazi," akasema mwishowe. "Nibebwe kama gunia la viazi, majirani wamejaa milangoni? Afadhali nikae humu."

"Na mimi je? Mama yangu anaugua kule Matuu na siwezi kulala huko hata siku moja. Nikiwa kazini, roho yangu iko huku. Hujafungiwa ndani wewe peke yako."

Hakulia. Kiilu angependa alie.

Kiilu akachukua simu, akampigia mwenye ile nyumba. Ilikuwa imeshapata mtu. Mbithe akainuka, akaanza kuyarudisha matumbawe majini.

Wiki zilizofuata walichovya na kusugua. Lile la zambarau likafa lote. Mengine yakaanza kurudisha rangi, na hatimaye ukapita muda mrefu bila kuona kidudu. Mbithe hakuigusia tena habari ya kuhama.

Jumamosi moja Kiilu alimwita Chege aje na wenzake. Walipomteremsha, alifumba macho kwenye kila kona. Jirani yao Wanja alitoka mlangoni, akasema tu, "Habari ya siku nyingi, Baba Wavinya," akawapisha.

Walimkalisha karibu na geti. Mbithe akaketi kando yake juu ya kreti ya soda, akamshika mkono. Waliongea kuhusu Matuu, na nani angeweza kukaa na Kiilu siku ambazo Mbithe angekwenda kwa mama yake. Jua lilipokuwa kali, Chege na wenzake wakaja kumbeba tena kumrudisha juu.