Beji ya Waceke

Nitasema wazi: namwonea wivu Waceke. Si wivu wa kupita, ule wa kuona mtu na viatu vipya ukasahau kabla hujafika nyumbani. Huu wangu naamka nao asubuhi na kwenda nao kazini.

Tunafanya kazi pamoja katika maktaba ndogo karibu na Dagoretti Corner. Nilianza kazi hapo yeye akiwa bado anavaa sare ya shule. Lakini kila mwaliko wa semina ukija, mkubwa wetu Bwana Muchiri huusoma, hukuna kidevu, kisha husema, "Waceke, hii utaenda." Semina ya kupanga vitabu, Waceke. Semina ya kompyuta, Waceke. Ile ya kuwahudumia wasomaji ilifanywa Naivasha, kwenye hoteli ambako viboko hutoka ziwani kula nyasi chini ya dirisha lako, na unadhani alikwenda nani? Mimi nilibaki kwenye kaunta nikimweleza mzee mmoja kwamba hatuuzi vitabu.

Beji za semina zote hizo amezitundika kwenye msumari kando ya kompyuta yake, na kamba za kila rangi, utadhani ni medali za mkimbiaji. Ana chupa za maji za semina, ana mikoba ya semina, hata mwavuli anao. Na desturi yetu ni kwamba aliyekwenda lazima atufundishe tuliobaki, siku ya Ijumaa wakati wa chai. Waceke haji mikono mitupu. Hutufungia sambusa za hoteli kwenye tishu, akazigawa kwanza, ndipo aanze somo. Nami hula. Ni tamu, na hilo pia hunikera.

Mwaka huu tukasikia kwamba maktaba mpya ya watoto itafunguliwa Parklands, na kwamba wanatafuta mtu wa kuiongoza. Kazi hiyo niliitaka mpaka nikaiota. Kila Jumamosi mimi ndiye huwasomea watoto hadithi pale kwetu, kwenye mkeka, na hakuna aliyenituma wala kunifundisha. Lakini najua mambo yanavyokwenda. Watu wa Parklands wangeuliza nani ana vyeti, na vyeti vyote viko kwa Waceke.

Basi ikaja semina ya siku mbili huko Karen, semina ya kuwasomea watoto hadithi kwa sauti. Ya kuwasomea watoto! Bwana Muchiri akakuna kidevu. "Waceke, hii utaenda." Nilitoka nje nikajifanya napanga viti.

Mungu ni nani, jino likamshika. Siku moja kabla ya semina Waceke alikuja kazini shavu limevimba kama mtu aliyeficha ndimu mdomoni. Bwana Muchiri akatazama huku na huku, macho yakaniangukia mimi.

"Lornah, utamshikia Waceke."

Kumshikia! Yaani hata siku ya kwenda kwangu, naenda kushika nafasi ya Waceke.

"Usijali, Lornah," Waceke akaniambia, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. "Nitawapigia simu waandike jina lako. Uta-enjoy. Hao watu wa Karen wako na keki poa sana."

Hoteli yenyewe ilikuwa ndani ya miti mirefu, na nyasi zimekatwa hata unaona haya kuzikanyaga. Mlangoni palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na beji zimepangwa juu yake, kila mtu ajichukulie yake. Zilikuwa za kuchapishwa vizuri, zenye kamba ya buluu. Ya Waceke ilikuwa katikati. Yangu niliiona pembeni kabisa, kando ya kalamu: kipande cha karatasi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na pini ya kujidungia.

Nilizitazama zote mbili. Binti wa mapokezi alikuwa ameinama akitafuta kitu kwenye boksi. Nikachukua ya Waceke, nikaivaa shingoni, na ile karatasi nikaikunja nikaitia mkobani.

Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka tu kuonja.

Na nilionja. Waliokuja walikuwa wakutubi wa watoto kutoka kila mahali, na Waceke walimjua kwa sifa tu. Mama mmoja mnene kutoka Machakos, Kalekye, alisoma kifua changu akapiga kelele. "Waceke wa Dagoretti! Kumbe ni wewe! Tumekusikia!" Watu wakasogea nikapata kiti cha mbele. Wakati wa chai walinizunguka, wakaniuliza maoni yangu, wakaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Keki zilikuwa za ndizi. Nilikula nikawaza: kumbe hivi ndivyo anavyoishi huyu msichana.

Siku ya pili mkufunzi, Madam Millicent, alitandika mkeka katikati ya ukumbi. "Mmoja atasoma," akasema. "Wengine wote ni watoto. Toeni viatu." Watu wazima na tai zao wakaketi chini, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. "Waceke, tuanze na wewe."

Nikapewa hadithi ya kuku aliyekataa kulala bandani kwa sababu alitaka kujua jua huenda wapi. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nilisahau beji, nikasahau Karen. Nilisoma kama ninavyosoma Jumamosi. Kuku nikampa sauti ya shangazi yangu wa Vihiga, na kicheche aliyemnyemelea nikampa sauti ya kunong'ona, ili wajongee wenyewe kumsikia. Kicheche alipofika nyuma ya kuku, nikanyamaza.

"Akamla?" Kalekye akauliza, mikono kifuani.

Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyeshika simu. Nilipofunga kitabu ukumbi ukalipuka makofi. Madam Millicent alikuwa anajifuta macho.

"Nimefundisha watu wengi," akasema, "lakini sijasikia mtu akisoma hivi. Watu wa Parklands wananiuliza kila siku ni nani awaongozee maktaba ya watoto. Leo nitawaambia: Waceke."

Makofi tena. "Waceke! Waceke!" Yote yalikuwa yanakwenda kwa mwanamke aliyekuwa kwake nyumbani anasukutua maji ya chumvi. Nilisimama pale nikitabasamu, na wivu ukanipanda hadi kooni, kwa kitu nilichokifanya mimi mwenyewe. Ningesema pale pale. Lakini kama ningetaja jina langu, wangeniuliza kwa nini nimevaa la mwingine, na jibu lake lilikuwa moja tu.

Cheti nacho kikatoka na jina la Waceke. Jumatatu nilikiweka mezani pake.

"Walikosea jina," nikamwambia.

Alikisoma. Shavu lilikuwa limepungua. "Haya," akasema, akakiweka kwenye droo.

Katikati ya wiki Madam Millicent akafika na bwana mmoja wa Parklands aitwaye Lenox, suti safi, viatu vinang'aa. Mimi nilikuwa kaunta nikigonga mihuri ya tarehe. Bwana Muchiri alitoka ofisini mbio.

"Tumekuja kumwona Waceke," Madam Millicent akasema.

"Huyo ni wetu!" Bwana Muchiri akajibu, kifua mbele. "Waceke! Kuja."

Waceke akaja. Madam Millicent akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Hapana. Huyu siye." Kisha macho yake yakazunguka, yakanipata. "Si yule pale!"

Wote wakageuka. Nikauweka muhuri chini. Nilijua imekwisha: nitaitwa mwizi wa jina, Parklands nitaiona kwa mbali, na Waceke ataipata kwa hadithi yangu ya kuku.

"Aki pole," Waceke akasema. "Hiyo ni makosa yangu mimi. Nilikuwa na jino, huyu Lornah akaenda place yangu, na nikasahau kuwapigia m-change jina. Angefanya nini na alipata beji imeandikwa Waceke? Huyo ndiye mnatafuta. Mimi nikisomea watoto, wanalala."

Wakacheka. Lenox akaja kaunta akanipa mkono, akaniuliza kama naweza kuanza mwezi ujao. Nikasema ndiyo. Akamgeukia Bwana Muchiri. "Na huyu msichana wako ni mkweli kweli. Angeweza kunyamaza akachukua kazi."

"Ndiyo maana namtuma kila mahali," Bwana Muchiri akasema.

Walipoingia ofisini nilimfuata Waceke kwenye meza yake. "Uliwapigia au hukuwapigia?"

"Niliwapigia," akasema, bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Wakaniambia jina lako wameandika."

Nikangoja. Nilitaka aniulize. Nilitaka anitukane, aniaibishe mbele ya watu, ili na yeye awe na ubaya kidogo na mimi nipumue. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa skrini.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho Dagoretti. Wakati wa chai Waceke alifungua mfuko, na humo mlikuwa na sambusa, alizonunua mwenyewe hapo Corner. Akazigawa kwanza, kisha akasimama akanisifu mbele ya wote, jinsi nilivyompokea alipoanza kazi, jinsi watoto watakavyonikumbuka. Sikumbuki kama nilimpokea. Wenzangu wakasema Waceke ana roho safi, Mungu ambariki. Nami nilisimama pale, sambusa mkononi, na kazi niliyoitaka mpaka nikaiota, namwonea wivu.