Odell Kwenye Maji ya Jirani

Jumamosi ya mwisho wa Mei, kama kila mwaka, Dwight Lindner na mkewe Cheryl walifungua bwawa lao la kuogelea. Baridi ya Ohio, kule Marekani, ikishaondoka, ndivyo wafanyavyo wenye bwawa nyuma ya nyumba: hunyonya kwa pampu maji ya theluji yaliyotuama juu ya turubai linalolifunika, hufungua kamba, kisha hulivuta turubai, mume huku na mke kule, wakigombana.

"Vuta kwako," alisema Dwight.

"Navuta tangu unioe," alijibu Cheryl.

Turubai likalala upande, na majani yaliyooza tangu vuli yakamwagikia ndani. Hilo nalo lilitokea kila mwaka.

Chini, kwenye kina kirefu, alikuwa amekaa mtoto mweusi mwenye kaptula iliyokatwa kutoka suruali ya mtu mzima. Cheryl alimtazama kidogo, akaenda kwenye uzio.

"Bi Vernell, kuna mtoto wenu huku kwetu."

Vernell Pettway alikuwa barazani kwake akimenya viazi. "Umejuaje ni wetu?"

"Si namwona."

Vernell alifuta mikono, akazunguka kwa lango. Ni kweli, alikuwa wao. Alikuwa kaka yake Odell, wa miaka tisa, vilevile kama siku aliyozama, Vernell akiwa bado mtoto. Kiangazi kile hakimu alikuwa ameamuru watoto weusi nao waogelee kwenye bwawa la mji. Halmashauri, ambamo baba yake Dwight alikuwa mjumbe, haikubishana na hakimu. Ilileta malori ya udongo ikalifukia bwawa, kisha wajumbe, mmoja baada ya mwingine, wakachimba mabwawa majumbani mwao. Odell alisikia joto, akaenda kuogelea kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji. Hakuwa amefundishwa na mtu.

Odell alitoa kichwa majini. "Mdogo wangu," alisema, "umekuwa bibi."

"Nimekuwa, kaka."

"Nataka kuvuka mpaka ule upande. Nishike tumbo, nijifunze."

Vernell alimgeukia Dwight, akaomba aruhusiwe kuingia majini mara moja tu, amfundishe Odell. Yeye mwenyewe alijifunza kuogelea utu uzimani, kwa sababu ya huyu huyu.

"Mimi sina neno, Bi Vernell," alisema Dwight. "Unajua sisi hatuna ubaguzi. Shida ni bima. Mtu akifia humu, nitasema nini?"

"Huyu alishafia kwingine."

"Bima hawaangalii hayo."

Vernell alivua viatu, akatia miguu majini ili Odell aishike. Dwight akamwomba kwa adabu aitoe, kwa kuwa dawa ya kusafisha maji ilikuwa haijakolea.

Mchana Dwight alipeleka maji kidogo dukani, wanakouza dawa za mabwawa. Binti wa dukani aliyatia kwenye mashine.

"Yana mtoto," alisema.

"Najua. Nimwage nini?"

"Ya mtoto hatuna. Tuna ya ukungu wa kijani."

Alinunua ya ukungu, akaimwaga yote. Maji yakawa maangavu, na Odell akaonekana vizuri zaidi.

Jumatatu ilikuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kwa hiyo walichoma mbavu za nguruwe. Wageni walikuja na taulo mabegani. Walipofika ukingoni walisema maji ni ya baridi, wakarudi kukaa. Dwight aliinua chupa ya bia, akasema tusiwasahau wafu wetu. Odell aliposikia wafu wanatajwa, alitoa kichwa. Hakuna aliyemkaribisha mbavu.

"Hamwezi hata kumwacha aogelee?" Vernell aliuliza kutoka upande wake wa uzio.

"Mama, leo ni siku ya heshima," alisema mgeni mmoja, mdomo umejaa.

Jumanne lilikuja lori la udongo. Odell akahamia bwawa la nyumba ya pili, na lori likamfuata. Kufikia Julai mtaa mzima ulikuwa nyasi tupu, na watu waliketi juani, miguu ndani ya ndoo, wakilaumu hali ya hewa. Walikuwa wakisalimiana kama kawaida.

Maji yaliyobaki yalikuwa ya hodhi la kuogea la Vernell. Humo Odell alikaa amekunja magoti hadi kidevuni, maana hakuna mtu anayeweza kufundishwa kuogelea ndani ya hodhi. Vernell alimshika tumbo hata hivyo. Odell alinyoosha mkono, ukagonga ukuta. Akanyoosha mwingine, nao ukagonga.

Mei nyingine ilipofika, Odell alisikia sauti za majirani nje.

"Wamefungua?" aliuliza.

Vernell alichungulia dirishani.

"Hapana, kaka," alisema. "Wanapanda maua."