Likizo ya Kizungu kwenye Tope la Mtoni

Mume wangu Projestus ni karani, na hakuna mtu anayejiona duniani kama karani aliyesifiwa na Mzungu mara moja. Mwaka ule bwana wake wa ofisini alirudi kutoka likizo Ulaya na picha. Mashua ndefu, nyembamba, imo ndani ya mfereji uliochimbwa na watu, juu ya paa makopo ya maua, madirishani mapazia, na Wazungu wamekaa wanakunywa chai. Eti wanakaa humo wiki nzima, baba, mama na shangazi, wanakwenda polepole na wala hawana wanakokwenda. Projestus akaja nyumbani Kinondoni kifua mbele. "Mama Leonardi," akaniambia, "na sie tutakwenda likizo ya mashua." Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.

Wala hakuwa na haja na likizo. Alitaka kumkomoa Wilbert.

Wilbert alikuwa mwalimu, mtu wa milimani huko Mahenge, na alikuwa amemposa wifi yangu Benedicta, mdogo wake Projestus. Wazazi wao walikwisha kufa, kwa hiyo neno lilikuwa la Projestus peke yake. Sie watu wa Bukoba tuna kahawa yetu ya kutafuna, buni iliyochemshwa ikakaushwa, na kwenye ukoo wa mume wangu mambo yalikuwa hivi: ukitafuna kahawa iliyotoka mkononi mwa mposaji, umemkubali, na huna ulimi wa kugeuza. Wilbert aliyauliza hayo, akaitafuta kahawa yenyewe, akaja nayo kwenye kikopo cha bati. Akamnyooshea Projestus kwa mikono miwili. "Weka hapo mezani," Projestus akasema, "nimeshiba." Alipokuja tena, Projestus akasema jino linamuuma. Hakumkubali, hakumkataa, alikuwa anamchezea tu kijana wa watu. Mbwembwe zake zote nilikuwa nimeshazizoea, ila hilo lilinitia kinyaa.

Sasa Wilbert alikuwa amepewa uhamisho wa Tukuyu, anaondoka Jumatatu. Akiondoka bila neno, basi tena. Benedicta alishinda jikoni kwangu macho yamevimba, anapepeta mchele ambao ulikwisha pepetwa.

"Mwalimu naye aje kwenye mashua," Projestus akaniambia. "Watu wa milimani wanaogopa maji. Benedicta amwone anavyotetemeka, atamwacha mwenyewe."

Basi Jumapili, baada ya misa, tukamwacha mtoto kwa jirani, tukapanda basi hadi Mtoni, pale bahari inapoingiza mkono wake katikati ya mikoko. Projestus alikuwa ameng'oa mapazia ya sebuleni kwangu bila kuniuliza. Akayapigilia misumari kwenye vijiti, akaweka na ua kwenye kopo la samli. Shomari, mwenye mashua, alimtazama muda mrefu. "Bwana," akasema, "maji yakianza kutoka, na nyie mtoke."

Projestus akacheka. "Mie nimezaliwa ziwani, bwana wangu. Maji yaende wapi?"

Na kweli, ziwa letu haliendi popote. Unaliacha jioni, asubuhi unalikuta pale pale. Shomari akatukabidhi upondo wa kusukumia, akaenda zake kivulini.

Projestus alivaa suruali nyeupe na viatu vya ofisini. Alisukuma upondo kifua wazi kwa maringo, sie wengine tumekaa nyuma ya mapazia kama maiti waliovishwa. Wilbert alishika ukingo wa mashua mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Unaogopa, mwalimu?"

"Naogopa, kaka," Wilbert akajibu.

Projestus akaitikisa mashua makusudi, mtu mzima, baba wa mtoto. Benedicta akauweka mkono wake juu ya mkono wa Wilbert, akauacha hapo. Kaka yake akanuna. Akatusukuma ndani zaidi, kwenye kichochoro cha maji katikati ya mikoko, akafunga kamba kwenye mti, akaniagiza chai ya kwenye chupa. Halafu akaanza kutusimulia Ulaya, mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Alisimulia mpaka mashua ikagusa chini. Alisimulia mpaka ikalala ubavu, na sufuria nililobeba la ndizi na nyama, ambalo hata mfuniko sijaufunua, likateleza, likamwagika lote topeni. Tukachungulia nje. Maji yamekwenda. Pande zote ni tope jeusi, na kaa wanatoka mashimoni kutukodolea macho.

"Ndivyo wanavyofanya hata wao," Projestus akasema. "Wanatulia mahali."

Halafu akashuka kusukuma. Akazama mpaka mapajani. Kadiri alivyojitikisa ndivyo alivyozidi kwenda, na sauti yake ya ofisini ikamkimbia. Wilbert, aliyekuwa anaogopa, akalala kifudifudi ukingoni, akampa mikono, akamvuta hadi akamtoa. Viatu vikabaki huko huko.

"Umenivuta vibaya," Projestus akamwambia. "Viatu vyangu vimepotea."

Asante hakuna. Nilitamani kumrudisha alikotoka.

Tukakaa. Jua likatuchoma, mapazia yangu yakawa mwavuli. Mume wangu anaweza kustahimili aibu siku nzima, ila njaa hawezi hata kidogo, na tumbo lake likaanza kunguruma tukilisikia wote. Wilbert akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kikopo cha bati. Alikuja nacho kujaribu mara ya mwisho. Akamnyooshea Benedicta, naye akachukua. Akaninyooshea mie, nikachukua, nikatafuna kwa sauti makusudi.

Projestus alikuwa anamtukana Shomari. Eti mpumbavu, angetuambia mapema, eti watu wa pwani hawana maelezo. Kikopo kikafika mbele yake, kimeshikwa kwa mikono miwili. Mkono wake ukaja wenyewe, ukachota, ukatia mdomoni, naye akaendelea kutukana huku anatafuna.

Kisha taya zikasimama. Akakitazama kikopo. Akamtazama Wilbert, akanitazama mie. Nafasi ya kutema ilikuwepo, tope lote lile lilikuwa lake.

"Meza, kaka," Benedicta akasema.

Akameza. Na kwa vile aibu ilikwisha kumwishia na njaa ilikuwa bado ipo, mume wangu akanyoosha mkono tena.

Wilbert akampa, kwa mikono miwili.