Kilo Moja Iliyobaki

...na maji je, maji nimeyahesabu, lita arobaini ni kilo arobaini, hapo hapana ubishi, maji hayajawahi kunidanganya, mtungi wa gesi kumi na nne ukiwa umejaa, betri ishirini na mbili, jiko na sufuria na kikombe kumi na moja, chakula ishirini na tano, jeki na spana kumi na nane, mimi mwenyewe themanini na moja nikiwa na viatu, yote yamo, nimeyaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwenye karatasi hii niliyoikunja mara nne, halafu fundi anakuja kuuliza kiswali kidogo namna ile, bila ubaya wowote, kalamu yake kanipa mkononi na fomu kaiweka juu ya boneti ya pikapu yangu, ananionyesha kwa kidole chenye grisi kisanduku kitupu kilichoandikwa idadi ya watu, "Na mama je, mzee? Mama hujamwandika," na mama mwenyewe, mke wangu, alikuwa amesimama palepale nyuma yangu, mlangoni mwa kijumba cha alumini, hivi vya kupandisha mgongoni mwa pikapu mtu akalala safarini, tepu ya kushonea ikining'inia shingoni, anapima dirisha ili ajue pazia litachukua kitambaa kiasi gani, na alisikia, ah, alisikia vizuri kabisa, akaikunja ile tepu polepole, akaitia mkobani, akasema acha nikakae kivulini kidogo, akaondoka, na mimi kalamu hewani kama mwanafunzi aliyekutwa hajafanya kazi ya nyumbani.

Nimesahau, ndivyo nilivyomjibu fundi, nimesahau, na fundi ni mwanamke mtu mzima, glavu zake mfukoni nyuma, hana maneno mengi, akanisaidia hata sijamwomba, akasema wengi husahau, mzee, mtu anaona kijumba kina kilo mia tatu na kitu, gari linabeba mia sita na hamsini, anapiga makofi, hakumbuki kwamba hao watakaokaa mbele nao ni mzigo, wiki ya pili anarudi hapa springi za nyuma zimelala chini... na mimi nikatikisa kichwa, eh, eh, kama mgeni wa mambo haya, mimi, miaka thelathini na mmoja mkaguzi wa mizani, mtu ambaye wenye maduka walimwita Mzee Gramu na wakimwona anateremka garini wanafuta vumbi kwenye sahani za mizani kwa mikono ya shati, eti nimesahau kilo sitini na kitu, sitini na ngapi, sijui, hata hilo silijui, uzito wa gunia la sukari la kila kiwanda naujua na wa mke wangu siujui, nikiulizwa sasa hivi nitakisia, na mimi maishani sijawahi kukisia... Fundi anasema kitu kuhusu boliti, sita badala ya nne, ndiyo, nasema, sita, hapo sawa, endelea tu. Yeye anadhani nachagua kijumba. Vipo viwili hapa uani, vimesimama juu ya stendi zao vikingoja gari la kuvibeba, hiki cha alumini, kuta ngumu, mlango wenye kufuli, kabati, sinki dogo, mia tatu na tisini kikiwa kitupu, na kile cha turubai pale ng'ambo, paa lake linainuka kwa kamba, hakina kabati wala sinki, kitanda tu na rafu, mia mbili na thelathini, na mimi toka nilipokiona hiki cha alumini miezi miwili iliyopita roho yangu imekwama hapa, nilirudi nyumbani nikapima kila kitu, kimoja kimoja, kwenye mizani yangu ya kazini waliyoniachia siku ya kuniaga, nikajumlisha, nikapata mia sita arobaini na tisa, kilo moja imebaki, nikacheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu, kilo moja tu, yaani kama gari na kijumba vilizaliwa pamoja, na yeye yuko barazani na cherehani yake anauliza unacheka nini huko, nikasema hamna, hamna kitu.

Hamna kitu. Benchi la kivulini silioni vizuri kutoka hapa, kuna lile pipa limeziba, sijui kama analia, hapana, yule halii, yule akiumizwa ananyamaza halafu anapika vizuri zaidi, ndiyo adhabu yake, nakula chakula kitamu hadi nakosa hamu... na kwani nilimwambia nini juu ya safari hii, tulikaa lini tukapanga, nilisema tu nikistaafu nitazunguka, nitarudi kwenye miji yote niliyopita mbio mbio nikiwa kazini, safari hii nitazame mito, niamke ninapotaka, na yeye akasema vizuri, zunguka, umefanya kazi sana, na leo asubuhi nikamwambia twende ukakione, akavaa gauni lake la kitenge la kutokea na viatu vya kufunika, akaweka tepu mkobani bila kuambiwa, na mimi nikaona tepu na sikuuliza tepu ya nini, mtu anakwenda kupima madirisha ya nyumba atakayolala, nyingine ya nini.

Tuseme basi nibadilishe, si karatasi tu, nitoe vitu, nitoe lile sanduku la mawe ya mizani, kilo arobaini na tano hizo, chuma kitupu, na mstaafu anakwenda nayo wapi, hakuna duka nitakalolikagua tena, muhuri nimerudisha, kitambulisho nimerudisha, ila niliyaandika kwenye karatasi kabla hata ya maji, mawe ya mizani, kilo arobaini na tano, yana nafasi yake chini ya kitanda, nimeipima... nikiyatoa zinabaki arobaini na sita, na yeye hata baada ya ule ugonjwa hakushuka hadi arobaini na sita, hawezi kuingia hapo, hata nikiacha jeki nyumbani, nikiacha jeki ni upuuzi, basi nipunguze maji, lita ishirini, tutanawa nini, unaona, nimesema tutanawa... Fundi ananiambia cha turubai kitanda chake ni kipana zaidi, sentimita kumi na tano, na kwa gari dogo kama hili yeye angechukua hicho, gari litapanda mlima bila kulalamika, nasema nasikia, fundi, ninasikia, nipe dakika moja tu nipige hesabu, na hesabu nimeshaimaliza, hesabu haina tatizo, cha turubai tunaingia sote na mawe juu yake na bado kilo karibu mia zinabaki za kuchezea, mtoto wa darasa la nne angeliona hilo, kwa hiyo si hesabu.

Ugonjwa, kwa nini nimeutaja ugonjwa. Walipomtoa uvimbe nilikuwa kwenye ghala la sukari, siku mbili za njia, mizani ya malori ilikuwa imefunguliwa yote iko chini vipande vipande, binti yetu kitindamimba akapiga simu, baba, mama anaingizwa ndani saa nane, nikamwambia nakuja, na nilikuwa na nia ya kweli ya kuja, ila mizani ikifunguliwa lazima uifunge, huwezi kuiacha vile, malori yamepanga foleni, nikasema nimalize hii kwanza, nikamaliza, nikafika siku ya tatu, amelala, mdomo umemkauka, akafungua macho akaniuliza, "Mizani ilikuwa sawa?" na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, nikamwambia ilikuwa inapunja kilo nane kwa kila lori, nikamweleza na sababu, sijui niliongea muda gani, nesi akaja akanisogeza kwa kiwiko ili abadilishe dripu. Hajawahi kunitupia neno kwa hilo, hata siku moja, na ningependa angenitupia, ningejua pa kushika.

Na sasa niko nyumbani, huu mwezi wa nane tangu nistaafu, mgeni ni mimi, wateja wake wamejaa barazani na mafurushi ya vitambaa, wanacheka hadi majirani wanasikia, mimi nikitokea mlangoni wananyamaza, shikamoo baba, marahaba, hamjambo, hatujambo, na kicheko kimekwisha, narudi ndani, nasikia kinaanza tena, alikuwa akichekesha hivyo siku zote au amejifunza mimi nikiwa barabarani... nilimtengenezea mizani ya jikoni, nikamwekea sawa mpaka gramu, akasema ahsante, akaendelea kupima unga kwa kikombe. Basi fikiria mimi na yeye ndani ya kijumba, mita mbili kwa moja na nusu, mvua nje, hakuna cherehani, hakuna wateja, hakuna mwenye duka anayenifutia vumbi, tunatazamana, tunaongea nini, nitamwambia nini usiku wa pili, wa kwanza tutasifia kitanda, wa pili je... Ndiyo maana. Viti. Vile viti vya kukunja, siku ile ya kupima vitu nyumbani, nilivishika viwili, mkono huu kimoja na mkono huu kimoja, nikiwa njiani kwenda kwenye mizani, nikasimama katikati ya chumba, nikakirudisha kimoja nyuma ya mlango, nikapima kile kilichobaki, kilo tatu, nikaandika, na kikombe vilevile, nilichukua kimoja, mtu aliyesahau harudishi kiti nyuma ya mlango. Sikusahau. Nilimtoa. Nilimtoa kwa mkono wangu huu wa kulia halafu nikampa fundi neno la kusahau na mke wangu akiwa hatua tatu nyuma, na yeye si mjinga, ameishi na mtu asiyesahau gramu miaka yote hii, alijua palepale, aibu gani hii, uso unanichoma na jua hata halijapanda. Na wala si kwamba simtaki, ningekuwa simtaki ningelala vizuri, ninaogopa, nasema hivyohivyo, ninamwogopa, ninaogopa tukikaa karibu kiasi kile atagundua kwamba ndani ya Mzee Gramu hamna mtu mwingine, au ameshagundua zamani na anasubiri tu nijue na mimi...

"Mzee," anasema fundi, taratibu, "niandike wangapi?"

Nitamwambia yeye kwanza, nitakwenda pale benchini nimwambie sikusahau, nilirudisha kiti, nimwambie na sababu, anisute, na nageuka kumtafuta, nanyoosha shingo kupita lile pipa, lakini kwenye benchi uko mkoba peke yake, viatu vya kufunika viko chini ya ngazi ya kijumba cha turubai, vimepangwa sawasawa, na dirisha la turubai limekunjwa juu namna ambayo naona ndani yote, na ndani yuko yeye, amelala chali kitandani, amefumba macho, mikono ameitanua huku na huku mpaka vidole vinagusa turubai pande zote mbili, na amelala katikati, katikati kabisa, kama mtu anayejaribu kitanda chake mwenyewe, na anatabasamu, si kwangu, hajui namtazama, sijui ni kwa jambo gani, na kitanda ni kipana na pa mtu wa pili hapajaachwa, na fundi bado anangoja, na kalamu bado iko juu ya kile kisanduku, mimi nimesimama hapahapa kwenye boneti, siandiki, namtazama tu nione kama atasogea.