Ibaki

Arobaini na moja. Ndivyo yalivyokuwa maoni yaliyobaki pembeni mwa tasnifu, yote ya baba yake, na baba yake alikuwa na siku kumi na mbili kaburini. Leo hii Ijumaa, saa kumi jioni, chuo kilitaka hati safi, isiyo na neno hata moja pembeni. Asiyewasilisha anarudia mwaka. Msimamizi wake alishamwombea wiki moja ya nyongeza, akamwambia kwa upole kwamba ya pili haipo. Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Kubonyeza alama ya vema mara arobaini na moja, maoni yaondoke. Basi. Binti alikuwa amekaa nyumbani kwao mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na hajabonyeza hata mara moja.

Nyumbani walimwita Nukta. Baba yake alikuwa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, na kitinda mimba wake huyu aliandika sentensi zisizojua kusimama. Jina lilianza kwa utani, likamganda.

Wala si nukta peke yake. Mambo yake yote yalikuwa shaghalabaghala. Baba alipoanza kuugua kifua akalazimika kukaa nyumbani, aliomba aonyeshwe hiyo tasnifu ya maji ya visima, akakuta faili nne: tasnifu, tasnifu mpya, tasnifu mpya kabisa, na tasnifu mwisho wa mwisho. Mzee akavua miwani, akauliza kama hiyo ya nne ndiyo itakayosomwa siku ya kiyama.

Wakaanza upya. Hati moja tu, mtandaoni, kila mmoja aweze kuifungua: binti akiwa bwenini, baba akiwa kitandani na simu yake. Folda moja ya vyanzo. Jedwali moja la ratiba, kijani kwa kilichokwisha, nyekundu kwa kilichochelewa, na nyekundu ilimkera mzee kuliko kikohozi. Aliandika pembeni kwa kidole kimoja, polepole, na hakumwonea haya mtu. Hapa nukta. Hapa umechoka, kalale. Hii sentensi ina abiria wengi, shusha wawili.

Siku moja aliweka alama kwenye neno chumvichumvi, akaandika kwamba limerudiwa, lifutwe nusu. Kesho yake akarudi mwenyewe na kuandika chini yake neno moja, ibaki. Nukta akapiga simu kuuliza. Mzee akamweleza kwamba kiwandani, msahihishaji akigundua amekata pasipostahili, huandika ibaki, na mpangaji herufi hagusi tena. Ni ibaki kwa kila kitu, iwe neno, iwe picha, ngeli hazikuingia humo. Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Mama mtu akaichukua simu na kusema inatosha kwa leo.

Sasa saa nane ilikuwa imepita. Alijua maoni hayapotei kabisa, yanawekwa kando, mtu akiyataka anayafuata huko. Kujua hakukumsaidia. Pale pembeni baba yake alikuwa bado anamsemesha, na kila vema ilikuwa kama kumwambia nyamaza.

Akabonyeza la kwanza. Akalia, akafuta uso kwa kanga, akabonyeza la pili. Kuanzia hapo alisoma kila moja kwa sauti kabla ya kuliondoa, ili angalau liwe limesikika mara moja zaidi. Ilimchukua saa nzima na nusu. Likabaki moja, na hilo alikuwa hajawahi kuliona.

Lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani, ambao alikuwa hajaufungua tangu kabla ya msiba. Baba alikuwa na mazoea ya kusoma kurasa za mbele mwisho kabisa. Nukta alikuwa ameandika zamani: Namshukuru baba yangu, anayenisomea kila ukurasa. Sasa alikuja hapo kufanya jambo moja dogo la lazima, kutoa ‘na’, kutia ‘li’. Herufi mbili. Neno lenyewe lilikuwa limepakwa manjano, na pembeni kulikuwa na maandishi ya siku mbili kabla mzee hajafariki.

"Nukta, najua utakuja hapa kubadilisha hii ‘na’ iwe ‘li’. Ibaki."

Moyo ukampasuka. Aliinamisha kichwa juu ya meza, akamwita baba yake kwa sauti kubwa, na mama akaja mbio kutoka jikoni, akasoma kilichokuwa kwenye kioo, akaketi kando yake.

Saa kumi kasoro dakika tano alibonyeza vema ya mwisho, akatuma.

Jumatatu msimamizi aliisoma hati. Huyu alikuwapo mazikoni, alishika koleo pamoja na wengine. Kwenye ukurasa wa shukrani akaacha maoni moja tu, kwa adabu, kwamba wakati wa kitenzi hapa haulingani na hali, pengine iwe aliyenisomea.

Nukta akajibu chini yake kwa neno moja, akatia na nukta.

"Ibaki."